Unakatwa ushuru wa nyumba na unalala kwa kontena: unadai nini, na kwa nani?

Kila mjadala wa ushuru wa nyumba ukianza, lazima mtu aseme: "Wewe una ploti yako Kitengela, unalilia nini?" Na mwingine amjibu: "Nakatwa kila mwezi na bado nalala kwa mabati, nirudishieni pesa yangu." Wote wawili wamechanganya mambo. Majirani wameniuliza hili swali mara nyingi hadi nimeamua kuandika uzi. Sitaji chama wala mwanasiasa. Mkianza hiyo vita huko chini, mimi simo.

Picha kwanza, kwa wale hawajafika huku. Ukitoka Kitengela kuelekea Kisaju na Isinya, utaona ploti baada ya ploti zina ua wa waya, tangi la maji, na katikati kontena lililokatwa madirisha au nyumba ya mabati. Wengi hapa wana kazi. Walinunua ploti kwa mkopo wa sacco, pesa ikaishia hapo, na wakachoka kulipia landilodi nyumba huku ardhi yao imekaa bure. Udongo wetu ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Msingi wa nyumba ya mawe lazima uchimbe mpaka ufikie chini palipo pagumu, na hapo ndipo bajeti hufia. Kontena unaliweka juu ya mawe, unahamia. Naandika haya nikiwa ndani ya moja, na saa nane mchana huku ndani si mchezo.

Sasa ushuru wenyewe. Mswada wa fedha wa 2023 ulianza na asilimia 3 ya mshahara, na ahadi kwamba asiyepata nyumba atarudishiwa pesa zake baada ya miaka 7. Uliotoka bungeni ulikuwa asilimia 1.5 kwako na 1.5 kwa mwajiri, bila ile ahadi. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba. Machi 2024 ikapitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo sasa inawagusa hata wasio na mwajiri, na ndiyo inayotumika mpaka leo.

Kwa hiyo mtu wa EPZ anayepata 20,000 anakatwa 300, na mwajiri anaongeza 300. Kwa mwaka ni 7,200. Je, hizo ni akiba yako? Hapana. Ni kodi kama kodi nyingine. Hazihesabiwi kuwa malipo ya nyumba yoyote. Ukitaka nyumba, unajiandikisha Boma Yangu, unaweka akiba nyingine kutoka mfukoni, unaomba, unangoja ugawaji. Hapo watu wengi hushtuka, kwa sababu walidhani kukatwa ndiko kuomba.

Na ukipata, unapata nini? Nyumba iliyojengwa tayari, sana sana fleti, ya kununua polepole. Sheria imetenga daraja kwa kipato: chini ya 20,000 kwa mwezi ni nyumba za kijamii, kati ya 20,000 na 149,000 ni za bei nafuu, na juu ya hapo ni za watu wa kati. Ipo pia nyumba nafuu ya mashambani, lakini Kitengela ya leo na msongamano wake wa magari, ukiiita mashambani utachekwa. Yule ambaye tayari ana ardhi na anahitaji tu simiti na mtu wa kumsaidia na msingi, haingii vizuri popote.

Angalia hata nafuu ya kodi. Ukiwa na mkopo wa nyumba unayoishi kutoka taasisi inayotambuliwa, riba hadi 360,000 kwa mwaka inatolewa kwenye mapato kabla hujatozwa kodi. Anayenunua mabati kumi leo na mengine kumi Desemba, kwa pesa taslimu, hapati kitu.

Kuna nchi zilichagua njia nyingine. Uingereza, mtu wa kipato cha chini anayeishi kwenye karavani anaweza kusaidiwa na serikali kulipa kodi ya karavani, na hata ada ya kiwanja ilipoegeshwa kama karavani ni yake. Msaada unamfuata mtu pale anapolala. Wetu unafuata jengo. Unaweza kuunga mkono huu au ule, lakini angalau tubishane tukijua tofauti ni hiyo.

Haya, sasa sehemu ambayo ni haki yako kabisa na wengi mnaiachilia: marupurupu ya nyumba. Haya hayahusiani na ushuru hata kidogo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamwambia mwajiri akupe nyumba ya kufaa karibu na kazi, au akulipe pesa ya kutosha kukodi, juu ya mshahara. Juu, si ndani. Amri ya jumla ya mishahara huweka asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukilipwa 18,000 ya msingi, hiyo ni 2,700 kila mwezi.

Nimesikia zaidi ya mara moja mfanyakazi akiambiwa, "Wewe una kwako, hulipi kodi ya nyumba, kwa hivyo hii haikuhusu." Kifungu hicho hakisemi hivyo popote. Hakiulizi kama unalala kwa kontena, kwa mabati au kwa shemeji. Kinachoweza kukuzuia ni mkataba unaosema wazi kwamba mshahara umejumuisha pesa ya nyumba, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanayosema hivyo. Kwa hiyo soma mkataba kabla ya kupigana na mtu wa ofisi.

Kama haumo na hulipwi, anzia ofisi ya kazi ukiwa na mkataba na peslipu. Usikae nalo. Madai ya kazi yana miaka 3 kufika kortini, na kwa kosa lililokuwa likiendelea mwezi baada ya mwezi ni miezi 12 tangu likome. Mtu ameacha kazi miaka miwili iliyopita ndiyo anakumbuka! Huyo ana shida.

Na kwa wenye kontena, jambo moja la pembeni: kibali cha kaunti. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inasema kuendeleza ardhi bila kibali ni kosa, faini hadi 500,000. Uliza mapema kama kontena lako linahesabiwa.

Ukiwa na mkataba na huelewi kipengele cha nyumba, piga picha, ficha majina na namba zote, weka hapa chini tuusome pamoja.