Fo-wili: iweke kabla ya tope, itoe ukirudi lami

Pale Tinde barabara ya lami inayotoka Nzega inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda Shinyanga mjini na Mwanza, mwingine unakwenda Isaka na Kahama na kuendelea hadi mpakani Rusumo. Lakini wasikilizaji wetu wengi hawaishi kando ya lami. Kutoka barabara kuu mpaka nyumbani kuna kilometa kadhaa za udongo, sehemu nyingine ukiwa ule mweusi wa mbuga, na mvua zikianza mwezi Novemba kilometa hizo ndizo zinazoamua kama mgonjwa atafika hospitali usiku huo au atasubiri kukuche.

Ndiyo maana gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo madereva wanaliita fo-wili, lina heshima kubwa huku kwetu. Swali ni moja: iwekwe wakati gani? Wapo madereva wanaoiweka asubuhi na kuiacha hadi jioni, topeni na kwenye lami, wakiamini gari linakuwa imara zaidi. Wapo wanaoisahau mpaka gari limezama hadi kwenye ekseli. Wote wanakosea, na kosa la kwanza ndilo linalokuja na bili kubwa ya fundi.

Gari linapokata kona, magurudumu yake manne hayatembei umbali sawa. La nje linapita njia ndefu kuliko la ndani, na ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ukitaka kuhakikisha, tazama alama za gari lililogeuza kwenye vumbi. Utaona michirizi minne, si miwili.

Tofauti ya kushoto na kulia inamalizwa na difu. Kati ya mbele na nyuma, magari mengi ya kazi hayana difu. Hayo ni kama Hilux na Land Cruiser za pikapu, zile zenye kijiti kidogo kando ya gia chenye alama 2H, 4H na 4L. Ukiweka 4H, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye tope hilo si tatizo, kwa sababu tairi linateleza kidogo na kuachia. Kwenye lami kavu tairi limeng'ang'ania barabara, haliachii, na ile nguvu inabaki ndani ya propela na giaboksi ikijikaza kila unapokata kona.

Utaitambua kwa dalili zake. Usukani unakuwa mzito, matairi yanalia kwenye kona, gari linakuwa kama limeshikwa breki. Ukitaka kuitoa, kijiti kinagoma. Usikipige teke. Rudi nyuma meta chache kwa mstari ulionyooka, mara nyingi kitaachia chenyewe. Kuna hatari nyingine kubwa kuliko ya fundi: gari lililojikaza hivyo linakataa kukata kona na kutaka kwenda mbele tu. Pale njia panda ya Tinde, penye malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, hapo si mahali pa gari kukataa kona.

Jambo linalosahaulika zaidi ni breki. Fo-wili inasaidia gari kuondoka, haisaidii kusimama. Kila gari, hata lile dogo la kawaida, linafunga breki magurudumu yote manne. Nchi za theluji, kama Kanada na Norwe, wanalijua hili vizuri: gari la fo-wili linaondoka kwenye barafu bila shida, dereva anajiona mfalme, kisha anafika kwenye kona na hakuna kinachomzuia. Huko kinachookoa maisha ni matairi ya baridi na mwendo mdogo. Kwetu theluji hakuna, lakini tuna mvua ya kwanza ya msimu, inayochanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani miezi yote ya kiangazi. Lami ya siku hiyo inateleza. Bakia 2H na upunguze mwendo.

Sasa tuje kwenye mbuga. Udongo ule unapasuka nyufa wakati wa jua na kuvimba ukinywa maji. Unagandamana kwenye tairi na kujaza meno yake mpaka tairi lote linakuwa laini kama chungu. Ndiyo maana tunasema weka fo-wili kabla ya tope, ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, magurudumu yamenyooka na mwendo ni mdogo. Gari likishazama, magurudumu manne yanaweza kuchimba mashimo manne badala ya mawili.

Kama gari lako lina habu za mbele zenye alama FREE na LOCK, zifunge zote mbili asubuhi unapojua njia ni mbaya. Habu zikiwa LOCK na kijiti kikiwa 2H hakuna kinachoharibika, na utingo hatalazimika kuzipapasa ndani ya maji. Ukiingia, shika gia moja ndogo na mwendo usiobadilika, usikanyage mafuta kwa hasira. 4L ni ya mahali pazito kweli, au mteremko mkali, na kwa magari mengi inawekwa gari likiwa limesimama.

Si kila gari lina kijiti hicho. Land Rover Defender na Prado nyingi zinavuta mbele na nyuma muda wote kwa kuwa zina difu ya katikati, hivyo kwenye lami hazina shida. Ila difu hiyo ina loki yake. Loki ni ya topeni, na ukifika lami lazima ifunguliwe. Noah za fo-wili na RAV4 zinajiamulia zenyewe, lakini tumbo lao liko chini, na kwenye mbuga tumbo likishalala, kuvuta kwa magurudumu manne hakusaidii kitu. Na kwa magari yote haya, matairi manne yawe ya saizi moja. Ukichanganya kubwa na dogo, umeiletea giaboksi ile kazi ya kona hata barabara ikiwa imenyooka.

Korongo lililojaa ni habari nyingine kabisa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo, na ya sentimita 60 yanaweza kubeba hata magari mengi makubwa ya fo-wili. Tairi lililoinuliwa na maji halina cha kushika, liwe linavuta au halivuti. Kama umepanda gari la kukodi na dereva anataka kujaribu, shuka. Hata kama nauli umeshalipa.

Mvua zikiisha, wengi wanaisahau fo-wili hadi Novemba nyingine, na siku wanapoihitaji haishiki. Vitabu vya baadhi ya magari ya Toyota vinaelekeza gari litembee kwenye fo-wili angalau kilometa 16 kila mwezi, ili oili ifike kwenye vyuma vya mbele. Kilometa hizo zitembelee kwenye barabara ya vumbi ya kijijini kwako, usizitembelee kwenye lami.