Hisani ya Makampuni Chini ya Mlima Kenya

Kila msimu wa mvua unapokaribia, katika barabara zipandazo kutoka Nyeri mjini kuelekea misitu ya Aberdare na ya Mlima Kenya huonekana mabasi yaliyopakia watumishi wa mabenki, wa makampuni ya simu na ya bima, wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la mwajiri wao, wakienda kupanda miti. Na aghalabu, katika mwezi huo huo, watumishi wengine wa kampuni ile ile huwa wamepeleka magodoro kwenye makao ya mayatima au hundi kwenye hospitali. Jambo hili limekwisha kuwa desturi, na kwa kuwa limekuwa desturi, wachache huuliza tena kuwa fedha hizo ni za nani, muda huo ni wa nani, na basi likisharudi mjini ni nani abakiye na kazi. Nitayaeleza maswali hayo matatu kwa kadiri ya nafasi, nikikiri mapema kwamba kwa rai yangu la tatu ndilo zito kuliko yote.

Tuanze na fedha. Mali ya kampuni si mali ya meneja ambaye picha yake hutokea gazetini akikabidhi hundi. Ni mali ya kampuni yenyewe, ambayo wakurugenzi wameaminiwa kuiendesha kwa maslahi ya wenye hisa, na ndiyo sababu mahakama ya Uingereza, katika kesi ya reli ya West Cork ya mwaka 1883, ilishikilia kwamba wakurugenzi hawana ruhusa ya kuwa wakarimu kwa mali ya kampuni ila pale ukarimu huo unapoifaa kampuni. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2015 imepanua mlango huo, kwani kifungu chake cha 143 humtaka mkurugenzi, anapotafuta mafanikio ya kampuni, azingatie pia athari ya shughuli zake kwa jamii na mazingira. Fauka ya hayo, Sheria ya Kodi ya Mapato huruhusu mchango uliotolewa kwa shirika la hisani lililosamehewa kodi uondolewe katika hesabu ya faida kabla ya kodi kukadiriwa. Na maadamu kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa kila shilingi 100 zinazotolewa kwa njia hiyo, shilingi 30 zingekwenda katika hazina ya serikali. Raia wote, basi, wamechangia sehemu hiyo, ingawa jina litakaloandikwa katika kibao cha ukutani ni moja. Sisemi haya ili kuipunguza fadhila ya mtu, bali ili mwananchi wa Karatina au Othaya ajue kwamba anapouliza fedha za hisani zimetumikaje, anauliza jambo linalomhusu.

Muda nao una mwenyewe. Mtumishi aliyeruhusiwa kuacha meza yake Ijumaa, mshahara wake ukiendelea, hajatoa kitu ila nguvu zake, na mtoaji hasa ni mwajiri. Yule aendaye Jumamosi ametoa siku yake mwenyewe. Na yule akatwaye shilingi mia mbili kila mwisho wa mwezi ametoa mali yake, iwapo kweli aliulizwa akaridhia. Hapo kwenye kuridhia pana tashwishi, kwa sababu karatasi ya michango inayopitishwa mezani na mkubwa wa idara, ikiwa na safu ya majina na safu ya saini, si rahisi kwa mdogo kuirudisha bila saini. Watu wa nchi hii wanaijua kadhia hiyo vizuri. Wagikuyu walikuwa na ngwatio yao, ambayo majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho; katika miaka ya 1930 wakajenga shule zao huru kwa michango yao wenyewe, hata serikali ya kikoloni ikazifunga nyakati za hali ya hatari; na baada ya 1963 wito wa harambee ukajenga madarasa na zahanati tusizoweza kuzihesabu. Lakini harambee hiyo hiyo ilipogeuka kuwa amri ya wakubwa, ilibidi Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 imkataze ofisa kutumia cheo chake kuwashurutisha watu wachange. Sheria hiyo haikumfunga meneja wa kampuni ya binafsi, ilhali uwezo alio nao juu ya walio chini yake ni ule ule, na kwa hivyo insafu ambayo sheria iliitaka kwa chifu yafaa aidai mwenyewe nafsini mwake.

Sasa nifike kwenye swali la tatu, nalo nitalitazama kwa karibu. Mche hutoka kitaluni ukiwa katika mfuko mdogo wa nailoni. Apandaye huukata mfuko kwa wembe, huushika udongo wa mizizi kwa viganja viwili usimomonyoke, huuteremsha shimoni hata shingo ya mche ilingane na uso wa ardhi, kisha hufukia na kushindilia kwa kisigino. Kazi ya dakika chache, ambayo karani wa benki anaweza kuifanya vyema akionyeshwa mara moja. Baada yake huja magugu, ambayo hukua upesi kuliko mche. Huja kiangazi cha Januari na Februari. Huja mbuzi na ng'ombe, na katika nyanda za juu za Nyeri huja baridi ya Julai. Atakayepalilia mara mbili au tatu kwa mwaka, mpaka mti uwe mrefu kuliko nyasi, si yule karani, bali ni mwanachama wa chama cha jamii cha msitu, vyama ambavyo vimetambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2016, naye hukaa ukingoni mwa msitu na ana shamba lake la viazi la kushughulikia. Kampuni ikilipia mche na mafuta ya basi bila kulipia palizi, imewapa watumishi wake siku moja ya furaha, na si vibaya, ila isiandikwe katika ripoti ya mwaka kwamba imepanda msitu.

Hilo alilifahamu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri hii hii, tangu alipoanzisha harakati ya Green Belt mwaka 1977, kwani akina mama wa vikundi vyake walipewa kitu kidogo kwa kila mche uliopona, wala si kwa kila mche uliotiwa shimoni. Sijaona kanuni ya hisani iliyo nyepesi kuandikwa na ngumu kukwepwa kama hiyo, nami hustaajabu kwamba nusu karne baadaye bado kuna mikataba ya kupanda miti ambayo malipo yake hukoma siku ya kupanda.

Mfano mwingine ulio karibu nasi ni uzio wa Aberdare. Mwaka 1988 Ken Kuhle aliasisi shirika la Rhino Ark kwa azma ya kuwaokoa vifaru weusi waliokuwa wakimalizwa na majangili, na mwaka uliofuata yakaanza mashindano ya magari ya Rhino Charge, ambayo mshindi wake si mwenye kasi, bali ni yule aliyevipitia vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake, na kila gari huingia likiwa limekusanyiwa michango na jamaa, marafiki na makampuni. Nia ya kwanza ilikuwa uzio mfupi tu katika upande wa Salient, karibu na hoteli ya Treetops. Lakini wakulima waliopakana na msitu, ambao mahindi yao yalikuwa yakiliwa na tembo na nyati usiku, waliutaka nao, na wafadhili wakakubali kuyafuata matakwa ya wale waliokuwa wakipata hasara, hata uzio ukazunguka msitu mzima, takriban kilomita 400, ukakamilika mwaka 2009, miaka ishirini baada ya kuanza. Uzio wa umeme haujitunzi. Jani bichi likigusa waya, umeme huvuja na kuzama ardhini, na tembo hutambua mapema kuliko mhandisi. Kwa hivyo watu walioajiriwa kutoka vijiji vya jirani hutembea kando yake, wakifyeka nyasi na kukaza waya. Hao ndio wanaoufanya mchango wa 1989 uwe na maana hata sasa, na mishahara yao haina budi kutafutwa kila mwaka, ingawa hakuna apigwaye picha akikabidhi mshahara wa mfyeka nyasi.

Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015 na shirika la The Nature Conservancy pamoja na wenzake, umekwenda njia nyingine. Humo wamo KenGen, ambayo mabwawa yake katika mto Tana hujaa tope, na kampuni ya maji ya jiji la Nairobi, na watengenezaji wa vinywaji. Nao huchangia ili wakulima wa mabonde ya juu, likiwamo la Sagana, wachimbe matuta ya fanya-juu, wapande majani ya mifugo kwenye miteremko na kutega maji ya mvua. Wapo wasemao hii si hisani, kwa kuwa atoaye anapata maji safi. Mimi naona ni afadhali hivyo, kwani mtoaji ambaye maslahi yake yamo katika jambo hachoki upesi, na mkulima hupokea kama mshirika wala si kama mhitaji.

Kuhusu ni nani achague wa kusaidiwa, benki ya Equity, iliyoanza mwaka 1984 kama chama cha mikopo ya nyumba huko Kangema, Murang'a, ilipoanzisha na Mastercard Foundation ufadhili wa Wings to Fly mwaka 2010 kwa wanafunzi hodari wa sekondari wasio na uwezo, haikuwaachia wakubwa wa Nairobi kuchagua majina. Iliunda kamati za mahali, zenye watu wa elimu, wa dini na wa utawala pamoja na watumishi wa tawi. Kamati kama hizo zinaweza kupendelea, bila shaka, lakini mtoto anayelala njaa hujulikana na jirani kabla hajajulikana na faili.

Kuna muawana mmoja ambao makampuni ya miji yetu yanao kwa wingi na huutoa kwa nadra, nao ni ujuzi. Katika Kieni, nchi kavu iliyo kati ya milima miwili, mradi wa maji wa wanachama mia tatu huweza kufa, si kwa kukosa mabomba, bali kwa sababu mweka hazina huandika malipo katika daftari la shule, madeni hayafuatwi, na pampu ikiharibika hakuna akiba. Mhasibu wa kampuni akienda huko asubuhi moja kila mwezi kwa mwaka mzima, akakaa na mweka hazina huyo, wakagawa daftari katika safu za mapato, matumizi na madeni, na kumwachia mwenyeji kalamu mkononi, ametoa kitu ambacho tangi jipya lenye nembo ya kampuni halikitoi.

Mwisho liko jambo la kalenda, ambalo laonekana dogo. Makampuni mengi hufunga hesabu zao Desemba, na bakaa ya bajeti ya hisani hutafutiwa matumizi Novemba, wakati mvua za vuli zinakaribia kwisha. Mche upandwao wakati huo hukutana na kiangazi kabla mizizi haijashuka. Meneja wa tawi la Nyeri anayekusudia kupanda miti mwakani afadhali aandikishe fedha hizo sasa kwa mvua za masika za Machi hadi Mei, akae na chama cha msitu Januari waafikiane aina za miti na idadi wanayoweza kuilea, naye atie katika bajeti hiyo hiyo malipo ya palizi ya miaka mitatu, hata ikibidi idadi ya miche ipunguzwe kuwa robo ya ile aliyotaka kuitangaza.