Pamba ya Tana na Jasho la Garissa

Saa saba mchana Garissa, mvua za Machi zikiwa bado, dera la poliesta humganda mvaaji mgongoni. La pamba huachia, na kaupepo kakipita mwili unapoa. Mama zetu walilijua hilo zamani, maabara imelipima.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Nyuzi hukaushwa na kupimwa uzito, kisha huachwa katika chumba chenye unyevu maalumu na kupimwa tena. Gramu 100 za pamba kavu hunyonya karibu gramu 8 za maji hewani. Sufu hunyonya karibu 16, ilhali poliesta haifikishi hata gramu moja. Pamba ni selulosi, nayo huvuta maji. Poliesta hutokana na mafuta ghafi.

Ngamia naye ana ushahidi wake. Miaka ya 1950, katika jangwa la Sahara, watafiti walimnyoa ngamia mmoja wakamlinganisha na asiyenyolewa. Aliyenyolewa alipoteza maji kwa jasho karibu mara moja na nusu ya mwenzake. Manyoya huzuia joto la jua lisifike mwilini, huku jasho likikauka ngozini. Ndiyo faida ya vazi pana lisilobana.

Nasi pamba haiko mbali. Tukishuka na mto Tana tunafika Bura, kisha Hola, ambako skimu ya umwagiliaji ilianza 1953 na pamba ikawa zao kuu. Mwaka 1989 mto ulihama mkondo, mashamba ya Hola yakakauka, ingawa yalifufuliwa baadaye. Natamani pamba irudi kwa wingi, na isokotwe na kufumwa hukuhuku. Pamba ikichambuliwa, nyuzi ni kama theluthi tu ya uzito. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu. Zikikamuliwa mafuta, mashudu yake ni chakula kizuri cha ng'ombe wakati wa kiangazi, ingawa ndama wachanga na kuku huweza kudhurika.

Tusidanganyane, lakini. Pamba hutaka maji mengi, na funza wa vitumba humgharimu mkulima dawa. Ikilowa chepechepe huchelewa kukauka, na poliesta huishi zaidi kwa bei nafuu.

Anayenunua kitambaa sokoni aombe uzi mmoja wa ukingoni, auchome. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka, ukaganda kitone kigumu. Ukiona jivu na kitone pamoja, ni mchanganyiko.