Petroli Inapovuja Chini ya Ardhi

Mwaka 1996 jiji la Santa Monica, katika jimbo la California nchini Marekani, lilifunga visima vyake vya Charnock. Maji yake yalikutwa na MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli ili iungue vizuri na kupunguza hewa chafu mijini. Kipimo kilipanda hadi zaidi ya mikrogramu 600 kwa lita. Kabla mwaka haujaisha, visima vya Arcadia navyo vikafungwa, na jiji likawa limepoteza karibu nusu ya maji yake ya kunywa. Hakuna tangi lililolipuka, wala lori lililopinduka. Petroli ilikuwa imevuja polepole kutoka kwenye matangi na mabomba yaliyofukiwa ardhini.

Marekani ilikuwa imeshaanza kuliona tatizo hili. Matangi mengi ya zamani yalikuwa ya chuma kitupu, na chuma kitupu kwenye udongo wenye unyevu huliwa na kutu. Mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya matangi ya chini ya ardhi, na wenye matangi ya zamani wakapewa hadi mwisho wa 1998 kuyakarabati, kuyabadilisha au kuyafunga. Tangu sheria hiyo ianze kazi, matukio ya uvujaji yaliyothibitishwa yamezidi 500,000.

Uvujaji mdogo una madhara makubwa kuliko unavyodhaniwa. Tone moja kila sekunde hufika lita nne hivi kwa siku, yaani karibu lita 1,500 kwa mwaka. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Kama benzini ni asilimia moja ya petroli, lita moja ya mafuta hayo inatosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji ya zaidi ya maboza 70 ya lita 10,000. Pua na ulimi havitoshi kutulinda: benzini ikiwa peke yake majini, mtu huanza kuihisi ikiwa imeshazidi kikomo mara 50 au zaidi.

Ndiyo maana uchunguzi huanzia kwenye daftari la kituo cha mafuta. Kila siku msimamizi hutumbukiza fimbo ya kupimia kwenye tangi, kisha hulinganisha kilichobaki na kilichopokelewa na kilichouzwa. Upungufu unaojirudia ni dalili. Lakini kwenye kituo kinachouza maelfu ya lita kwa siku, lita nne hupotea kirahisi ndani ya makosa ya kipimo na badiliko la ujazo linaloletwa na joto. Daftari likionekana safi, bado tangi na mabomba hujaribiwa kwa shinikizo, na udongo wenyewe huchunguzwa.

Wachunguzi huchoronga mashimo kuzunguka matangi, pampu na mabomba, wakitoa udongo kwa kila kina. Sehemu ya udongo hutiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko hufungwa na kuachwa kidogo ili mvuke ujikusanye, kisha hutobolewa kwa ncha ya kifaa kinachopima mvuke huo. Namba ikipanda ghafla, hapo ndipo mafuta yalipopita au yalipokwama.

Petroli hushuka katikati ya chembe za udongo, nyingine ikinasa njiani, hadi ikutane na maji ya ardhini. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake. Masika maji yakipanda, nayo hupanda. Kiangazi yakishuka, hushuka nayo na kuupaka udongo mafuta kila inapopita. Hata tangi likizibwa, udongo huo huendelea kuchafua maji kwa miaka.

Hatua inayofuata ni visima vya uchunguzi. Angalau vitatu vinahitajika, na visiwe kwenye mstari mmoja, kwa sababu urefu wa maji katika visima vitatu ndio unaoonyesha maji yanaelekea wapi. Bila kujua mwelekeo huo, kisima safi hakithibitishi chochote. Huenda kimechimbwa upande ambao uchafu hauendi.

Kuchota sampuli kunataka utulivu. Maji yaliyolala kisimani hutolewa kwanza, ili yaingie mapya kutoka ardhini. Chupa ndogo ya kioo hujazwa taratibu hadi maji yatune mdomoni, kifuniko hufungwa, kisha chupa hupinduliwa na kugongwa kwa kidole. Kikionekana kiputo kimoja, sampuli hurudiwa, kwa kuwa benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo na kipimo hudanganya. Chupa hupelekwa maabara ndani ya barafu.

Udongo una msaada wake. Utafiti wa maabara ya Lawrence Livermore uliotolewa mwaka 1995 ulionyesha kuwa, kwenye vituo vingi vya California, benzini ilikuwa haisafiri zaidi ya mita 80 hivi, kwa sababu bakteria huila. MTBE ni nyingine: huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko benzini, na bakteria huishughulikia kwa shida. Ndiyo iliyofika Charnock, ambako wachunguzi walilazimika kuchambua karibu maeneo 30 yaliyoshukiwa. California iliipiga marufuku kuanzia 2004. Maji ya visima hivyo yalirudi kwa wananchi mwanzoni mwa 2011, baada ya kujengwa mtambo wa kuyachuja kwa mkaa maalumu.

Afrika Mashariki inafahamu maumivu haya. Mwaka 2015 bomba la mafuta lilivuja Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, likachafua mto na mashamba ya watu. Dar es Salaam nako familia nyingi hutegemea visima, na sheli ziko mitaani katikati ya makazi.

Visima vya uchunguzi vichimbwe kabla tangi jipya halijatiwa mafuta, maji yapimwe siku hiyo ili yawe kielelezo, kisha yapimwe kila mwaka, na majibu yabandikwe pale ambapo jirani anaweza kuyasoma. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na miaka 15 ya kusubiri maji yarudi, na anayechota maji jirani na tangi ana haki ya kujua anakunywa nini.