Ukomo wa Mwaka wa Kupokea Wakimbizi: Mfumo wa Marekani na Athari Zake kwa Wakongo Waliopitia Gisenyi

Makala hii inafafanua jinsi serikali ya Marekani inavyopanga kila mwaka idadi ya juu ya wakimbizi itakaowapokea, na uzito wa idadi hiyo kwa Wakongo walioingia Rwanda kupitia Gisenyi.

Yafaa kwanza kutofautisha hifadhi na makazi mapya. Anayevuka kutoka Goma akikimbia vita hawekewi ukomo. Mkataba wa Geneva wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambayo Rwanda imeiridhia, inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Ndiyo maana wanaofika Rubavu hupokewa katika kituo cha muda cha Nkamira kabla ya kupelekwa kambini. Kuhamishiwa nchi ya tatu ni jambo jingine: si haki ya mkimbizi, bali ni hiari ya nchi inayompokea, na hiari huweza kuwekewa ukomo.

Nchini Marekani ukomo huo huongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1980. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Oktoba, serikali hupeleka ripoti kwa Kamati za Sheria za mabaraza yote mawili ya Congress, mawaziri hushauriana nazo, kisha Rais hutia saini. Congress hushauriwa tu; haipigi kura kuidhinisha idadi. Idadi hiyo hugawanywa kwa kanda. Katika mwaka wa fedha 2022, Afrika ilitengewa nafasi 40,000 kati ya 125,000. Idadi yaweza pia kubadilishwa katikati ya mwaka: Mei 2021 ukomo ulipandishwa kutoka 15,000 hadi 62,500.

Hata hivyo, ukomo si ahadi. Katika mwaka huo wa fedha 2021, walioingia hawakufika 12,000. Uchunguzi wa usalama na vipimo vya afya vina muda wa kuisha; kimoja kikipitwa na wakati hurudiwa, na huku kikirudiwa kingine huisha. Aidha, maofisa wa usaili waliopunguzwa mwaka mmoja hawarejeshwi kwa saini ya mwaka unaofuata.

Tarehe 27 Januari 2025 mpango huo ulisimamishwa. Siku zizo hizo waasi wa M23 waliingia Goma, na baadhi ya wakazi wake wakavukia Rubavu. Kwa mwaka wa fedha 2026 ukomo uliwekwa kuwa 7,500, nafasi nyingi zikikusudiwa Waafrikana, jamii ya wazungu wa Afrika Kusini. Ilhali kambi ya Kiziba, wilayani Karongi, ipo tangu 1996. Waliozaliwa humo sasa wanalea watoto wao humo humo.

Inadhihirika kwamba ukomo haupimi ukubwa wa shida, bali utayari wa mpokeaji. Jambo hili lina maana kwa wanaowafafanulia wakimbizi taarifa hizo kwa Kiswahili. Kumwambia aliyekosa nafasi kwamba "amekataliwa" ni kumfanya aamini kuwa ukimbizi wake umetiliwa shaka, na huenda akaogopa kurudishwa alikotoka. Nafasi ndizo zilizopungua. Hifadhi yake nchini Rwanda ingali palepale.