Mashine Unayoweza Kuifuta Bila Woga

Programu inayokwenda vizuri kwenye kompyuta ya aliyeiandika, kisha ikagoma ilipofika kwenye seva, mara nyingi haina kosa lolote ndani yake. Kosa limo katika mazingira: toleo la lugha, maktaba za msimbo, mipangilio ya mfumo endeshi, hata saa. Anayeandikia kwenye Mac anaipa picha jina la Nembo.png, kisha kwenye ukurasa anaiita nembo.png. Diski ya Mac, isipobadilishwa mipangilio, haibagui herufi kubwa na ndogo, basi picha inaonekana. Seva ya Linux inabagua, na mteja anakuta nafasi tupu. Mwenzake wa Windows anahifadhi skripti ambayo kila mstari wake unaishia kwa alama mbili zisizoonekana badala ya moja, na Linux inakataa kuitekeleza. Wa tatu kompyuta yake inafuata saa za Afrika Mashariki, ilhali seva inahesabu kwa UTC, saa 3 nyuma. Mauzo ya saa saba usiku wa kuamkia Jumanne yanaingia kwenye ripoti ya Jumatatu, na mhasibu anaanza kutafuta fedha ambazo hazikupotea.

Dawa ya mambo haya ni kila mwanatimu kufanyia kazi kwenye mashine inayofanana na seva, hata kama kompyuta zao hazifanani. Hapo ndipo mashine pepe inapoingia. Ni programu inayojifanya kompyuta nzima: ina kichakataji, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, na mfumo endeshi ulio ndani yake hauna habari kwamba uko ndani ya kompyuta nyingine. IBM walikuwa na mashine za aina hii tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatoa VM/370 kwa ajili ya kompyuta zao kubwa. VMware waliileta kwenye kompyuta za mezani mwaka 1999. VirtualBox, iliyotungwa na kampuni ya Kijerumani ya Innotek, ilifunguliwa msimbo wake mwaka 2007, na ndiyo iliyowapa watu wengi mashine pepe bila malipo.

Lakini mashine pepe iliyojengwa kwa mkono inahamisha tatizo tu. Mtu mmoja hodari anakaa mchana kutwa akisakinisha hifadhidata, akirekebisha faili za mipangilio, akifungua ruhusa hapa na pale. Kisha nakala ya diski yake inasambazwa ofisini kwa flashi. Miezi sita baadaye hakuna anayejua kwa nini mstari fulani wa mipangilio uko vile ulivyo, na aliyeujua ameshahamia kampuni nyingine. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu timu nyingi huishia hapa zikidhani zimefika: cha kutunzwa ni maandishi yanayoeleza jinsi mashine inavyojengwa. Mashine yenyewe ni zao la maandishi hayo, na inapaswa kuwa kitu cha kufutwa na kujengwa upya wakati wowote.

Mitchell Hashimoto aliona jambo hili akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington. Machi 2010 alitoa toleo la kwanza la Vagrant, chombo alichokitunga kwa lugha ya Ruby. Moyo wake ni faili moja ya maandishi, Vagrantfile, inayokaa pamoja na msimbo wa mradi kwenye ghala la Git. Ndani yake unataja boksi la kuanzia, yaani diski iliyokwisha kuwekwa mfumo endeshi. Kiasi cha kumbukumbu, tuseme megabaiti 2048. Na kwamba poti 80 ya mashine ipatikane kama 8080 kwenye kompyuta yako. Mwajiriwa mpya ananakili mradi, anaandika vagrant up, na mashine inajengeka. Folda ya mradi inaonekana ndani na nje kwa pamoja, kwa hiyo anahariri kwa kihariri alichokizoea huku msimbo ukiendeshwa ndani ya Linux. Ukurasa wa maelekezo ya kusakinisha huchakaa kimyakimya kwa sababu hakuna anayeurudia. Vagrantfile hutekelezwa kila mara, na ikiharibika utajua siku hiyohiyo.

Boksi ni msingi tu. Juu yake kuna kazi ya kuiandaa mashine, na hapa ndipo wengi hukwama. Njia ya haraka ni skripti ya amri zinazofuatana. Mara ya kwanza inakwenda. Mara ya pili, amri ya kumwongeza mtumiaji inashindwa kwa kuwa mtumiaji yupo tayari. Amri ya kuongeza mstari kwenye faili inauongeza tena, na sasa iko miwili. Mark Burgess, akiwa Oslo, alilishughulikia suala hili kwa chombo chake, CFEngine, mwaka 1993: usiiambie mashine hatua za kupita, ieleze hali unayotaka iwe nayo. Puppet ilifuata mwaka 2005, Chef mwaka 2009, na Ansible ya Michael DeHaan mwaka 2012. Katika Ansible unaandika kwamba mtumiaji huyu awepo, kifurushi hiki kiwepo, huduma hii iwe inakwenda. Chombo kinakagua kwanza, kisha kinabadilisha kile tu kisicholingana. Kipimo chake ni rahisi, na ningependa kila timu ikitumie: endesha maandalizi mara mbili mfululizo. Mara ya pili ripoti inapaswa kuonyesha mabadiliko sifuri. Ikionyesha hata moja, kuna amri fulani inayotenda bila kutazama.

Na boksi la kuanzia linatoka wapi? Unaweza kupakua la mtu mwingine, lakini hapo umeamini diski ambayo hukuona ikitengenezwa. Packer, waliyoitoa HashiCorp, kampuni ya Hashimoto, mwaka 2013, inalijenga kuanzia kwenye diski ya usakinishaji, na namna inavyofanya inapendeza kuitazama. Kwanza inahakiki alama ya SHA-256 ya faili uliyoipakua. Inawasha mashine pepe tupu, inasubiri skrini ya kwanza ya msakinishaji, kisha inabonyeza vitufe kama vile mtu amekaa kwenye kibodi: Esc, halafu mstari mmoja mrefu wenye anwani ya faili ya majibu. Faili hiyo inatolewa na seva ndogo ya wavuti ambayo Packer yenyewe imeifungua. Debian huita majibu hayo preseed, Red Hat huyaita kickstart. Ndani yake kuna lugha, saa za eneo, mgawanyo wa diski, kila swali ambalo msakinishaji angeliuliza. Sehemu dhaifu ni zile sekunde za kusubiri. Kompyuta ikiwa nzito, vitufe vinabonyezwa kabla skrini haijafika, kwa hiyo ongeza muda kabla ya kuanza kushuku mambo makubwa. Usakinishaji ukiisha, Packer inaingia kwa SSH, inaendesha maandalizi, inazima mashine na kuifunga kuwa boksi. Kabla ya kufunga, futa vifurushi vilivyopakuliwa na ujaze sifuri kwenye nafasi iliyo wazi ya diski. Sifuri hugandamizwa vizuri sana, na boksi hupungua kwa kiasi kikubwa.

Upungufu huo una maana kubwa mahali ambapo intaneti inanunuliwa kwa bando. Boksi la megabaiti mia kadhaa likipakuliwa na watu kumi ni gharama ya bure. Liweke mara moja kwenye seva ya ofisi, pamoja na hifadhi ya vifurushi vya apt, na mashine mpya itajengeka karibu bila kugusa mtandao wa nje. Taja pia namba za matoleo. Anayeomba toleo la karibuni zaidi leo atapata kitu kingine mwezi ujao.

Kontena za Docker, zilizotokea mwaka 2013, zimechukua sehemu kubwa ya kazi hii, na kwa programu nyingi za wavuti zinatosha. Kontena hutumia kiini cha mfumo endeshi wa mwenyeji wake. Unapojaribu moduli za kiini hicho, kanuni za ngome ya mtandao, au jinsi huduma zinavyoamka seva inapowashwa upya, bado unahitaji mashine kamili.

Linabaki jambo la nidhamu. Vagrant hufanya maandalizi mara ya kwanza tu mashine inapowashwa. Ukibadilisha maandishi, lazima uagize vagrant provision. Wakati huohuo mtu ameingia ndani na kusakinisha kifurushi kwa mkono kwa sababu ana haraka, na programu yake sasa inakitegemea pasipo maandishi kujua. Ipe kompyuta moja ya ofisi kazi ya usiku: iandike vagrant destroy -f, kisha vagrant up, kisha iendeshe majaribio yote ya mradi. Kifurushi kilichosahauliwa kitajulikana asubuhi, wakati aliyekisakinisha bado anakumbuka alikihitaji kwa nini.