Maji Ndani ya Bomba la Mvuke

Katika hospitali na hoteli kubwa, ambako mashuka na taulo hufuliwa kwa mamia kila siku na mvua ya masika haimngoji mwenye kuanika, nguo hukaushwa ndani ya ngoma ya chuma izungukayo. Na palipo na boila, hari ya kazi hiyo hutokana na mvuke upitao katika koili iliyowekwa njiani mwa upepo wa feni. Atazamaye kwa nje huona mabomba mawili tu, moja la kuingiza na jingine la kutoa, akadhani kazi ya fundi ni kuunga chuma kwa chuma pasivuje. Kwa hakika lililo kubwa zaidi ni kuyatenga maji na mvuke, kwa kuwa tangu utokapo boilani mvuke hauachi kupoa, na upoapo hurejea kuwa maji.

Mvuke wa shinikizo la bari 7 una hari ya digrii 170 hivi za Selsiasi, walakini nguvu yake si digrii hizo, bali ni ile hari iliyofichika, ambayo mwanachuoni Joseph Black aliibainisha huko Glasgow katika miaka ya 1760. Kilo moja ya mvuke huo, igeukapo maji ndani ya koili, hutoa kilojuli zipatazo 2,050. Ama maji yayo hayo, yakipoa kwa digrii 10 nzima, hayafikishi hata 45. Basi koili ikijaa maji, ngoma itazunguka na feni itavuma, na shuka litatoka bichi.

Ndiyo sababu tawi la kwenda mashineni hukatwa mgongoni mwa bomba kuu, likapanda kwanza kabla ya kushuka, ili maji yatambaayo chini yasipate njia ya kulifuata. Kisha bomba hulazwa kwa mteremko wa sentimita moja katika kila mita, kuelekea uendako mvuke, na kabla ya vali huachwa kipande kishukacho wima, mfano wa mfuko, ambamo maji na kutu hutuama. Fundi ajivuniaye kiputo cha pimamaji kilichosimama katikati amelijenga vibaya bomba la mvuke, hata likipendeza macho namna gani.

Fauka ya hayo, chuma hurefuka. Bomba la mita 10, likitoka katika hari ya chumba hata kufikia digrii 170, huongezeka milimita zipatazo 17; kwa hiyo hutundikwa kwa vishikizo vyake lenyewe, na kiungo cha mwisho huwa ni mpira maalumu wa mvuke uliosukwa kwa waya, koili isije ikabeba uzito wala mtikisiko usio wake.

Upande wa kutokea huwekwa trapu, kifaa kiruhusucho maji kupita na kuuzuia mvuke, nacho hukaa chini ya tundu la koili, maji yakishukie kwa uzito wake yenyewe, kikitanguliwa na chujio. Kila mashine hupewa trapu yake. Ziwekwapo mashine mbili kwa trapu moja, ile yenye shinikizo kubwa huizuia mwenziwe kumwaga maji, na hasara hiyo huja kulipwa kwa kuni au mafuta ya boila kila siku.

Hatari iliyo kubwa kuliko hasara ni maji yaliyotuama, ambayo mvuke uendao mita 25 kwa sekunde na zaidi huyasomba na kuyapigiza kwenye kona ya bomba. Mnamo tarehe 18 Julai 2007, bomba la mvuke lililolazwa mwaka 1924 chini ya barabara ya Lexington, mjini New York, lilipasuka kwa pigo la namna hiyo, baada ya mvua kulipoza bomba na trapu kuziba. Mtu mmoja akafariki.

Kwa hiyo kila asubuhi vali hufunguliwa kidogo kidogo, hewa na maji vikatoka kwanza, hata bomba zima lipate moto. Na likisikika kugonga, vali hufungwa papo hapo, maji yakamwagwa kwa koki ya chini, ndipo mwendo ukaanza upya. Jambo hili na afundishwe kila dobi ashikaye vali hiyo, wala lisiachiwe fundi peke yake, ambaye aghalabu huwa amekwisha kwenda zake.